Shamba la Mtu Aliye Hai

Projekta ya kanisa ilitolewa kwa masharti. Ichukuliwe Jumatatu, irudi Ijumaa kabla ya mazoezi ya kwaya, isikaribie maji, na isionyeshe mambo ya dunia. Hilo la mwisho Mwalimu Quinter Ooko hakulielewa sawasawa, kwa sababu alifundisha Masomo ya Jamii, na masomo hayo ni mambo ya dunia kuanzia ukurasa wa kwanza. Lakini mwombaji habishani. Alimwitikia pasta, akaifunga projekta mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga, akateremka nayo kutoka sokoni Roret hadi shuleni. Wachuma chai waliokuwa wakipanda na mizigo yao walimpisha njia, wakidhani kweli ni mtoto.

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, kuomba na kuokoteza. Shule iko bondeni, chai pande tatu na mto upande wa nne, na mtandao ukifika huko unakuwa umeshachoka. Fedha za vifaa zilikuwa zikizungumzwa tu kwenye mikutano. Basi Quinter alijizoeza kutafuta vya bure kwenye intaneti, na kwa vya bure alikuwa na pua kali kama ya paka jikoni. Masomo yakiisha alipanda hadi kituo cha kununulia majani chai, mahali pekee penye mtandao wa kueleweka, akaketi kwenye benchi pamoja na wakulima waliosubiri kupimiwa, akapakua video za volkeno, za moyo unavyosukuma damu, za bunge linavyokaa. Nelvine, karani wa kituo, alimzoea hata akawa anamtania.

"Madam, wewe majani huna, lakini kila siku uko kwa laini ya kupimiwa."

"Yangu ni majani ya kichwa, Nelvine. Hayaingii kwa mizani."

Kitu alichojivunia zaidi kilikuwa zile kadi. Kila mwanafunzi alipewa karatasi yenye michoro myeusi ya miraba, iliyobandikwa kwenye kipande cha katoni ili isikunjike. Quinter akiuliza swali, mwanafunzi anaigeuza kadi yake upande wa jibu analolitaka, anaiinua, na mwalimu anapitisha simu yake juu ya darasa zima mara moja tu. Simu inamwambia nani amepata na nani amekosa. Simu moja, darasa zima, na programu yenyewe haiombi hata shilingi. Wale wa nyuma, ambao kwa miaka walikuwa na ujuzi wa kuinua mkono pale tu wanapoona wengi wameinua, walikosa pa kujificha. Mmoja alilalamika kwamba Madam ameleta polisi darasani.

Kwa hayo yote, Quinter alikuwa mwalimu wa bodi. Maana yake ni kwamba hakuandikwa na serikali. Aliandikwa na bodi ya shule, na kila muhula wa tatu bodi hiyo hukaa chini ya bati la chumba cha walimu ikaamua kama anaendelea ama anafungasha. Alikuwa amefundisha hapo miaka mingi, akijua kila Desemba kwamba Januari haina uhakika. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Mzee Kipkosgei, mkulima wa chai na ng'ombe wa maziwa aliyekaa kwenye ukingo wa juu, karibu na kile kituo cha majani. Alikuwa mtu wa maneno machache na koti zito, na hakuwahi kumfanyia Quinter ubaya. Hakuwahi kumsifu pia.

Siku ya projekta, Gredi ya Saba walibanwa kwenye chumba kimoja, madirisha yakazibwa kwa magunia, na shuka nyeupe ya Quinter mwenyewe ikatundikwa ukutani. Somo lilikuwa ramani. Aliwasha laptopu yake ya mtumba, akafungua ile ramani ya bure iliyotengenezwa kwa picha za setilaiti, akaanza na dunia nzima, bluu na duara. Kisha akaishusha hadi Afrika, hadi Kenya, hadi kijani cha Kericho na Bomet, na kijani kikagawanyika kuwa chai, barabara, mabati na mto. Halafu mtu mmoja akatambua paa la shule.

"Hiyo ni sisi!"

Kuanzia hapo hakukuwa na wa kutuliza mwenzake. Kila mtoto alitaka kwao. Kipkurui alisukuma wenzake akaweka kidole kwenye shuka. "Madam, zoom hapo. Hapo, hapo! Hiyo ni kwetu, hiyo dot ni tangi ya maji!" Chepngeno, msichana mrefu mkimya aliyeketi mbele, aliona nyumba ya babu yake, Mzee Kipkosgei huyohuyo, na zizi la ng'ombe lenye paa jekundu. Hakupiga kelele. Alitabasamu tu mpaka wenzake wakamcheka.

"Na kwenu Madam ni wapi?" Kipkurui akauliza. "Tuonyeshe."

Quinter alikuwa ameshika kipanya cha laptopu. "Kwetu ni mbali," akasema, akaizungusha dunia upande mwingine, akawaonyesha mto Naili. Lilikuwa jibu la haraka, na haikuwa mara yake ya kwanza kulitoa.

Kisha akatoa kazi ya nyumbani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ile ramani ina kifaa cha kupimia. Unagusa pembe moja ya kiwanja, unagusa ya pili, unazunguka hadi unaporudi ulikoanzia, na simu inakupa mzunguko na eneo bila hesabu yoyote. Quinter aliona hapo Masomo ya Jamii na Hisabati vimekutana kwenye kitu ambacho mtoto anakijua kwa miguu yake. Akaandika ubaoni: omba simu ya mzazi, pima shamba lenu, andika mzunguko na eneo lake. Alirudi kwenye chumba chake cha kupanga nyuma ya duka la Bochaberi akiwa na furaha ya mwalimu aliyepata somo lililokubali, na furaha hiyo anaijua aliyewahi kufundisha tu.

Yaliyotokea kwa Mzee Kipkosgei, Quinter aliyasikia baadaye. Chepngeno aliketi jikoni na simu ya baba yake, Kipkirui, akagusa pembe za shamba la babu moja baada ya nyingine. Kipkirui akasema hebu nione. Akaona. Mdogo wake Wesley, kitinda mimba, akaingia kuchukua maziwa, naye akasema hebu nione. Waliitazama ile picha, watu wazima wawili waliokuwa wamelima shamba hilo maisha yao yote bila hata mmoja kuthubutu kuuliza litakuwaje. Kisha Wesley akauliza nusu ingepita wapi. Kipkirui akachora mstari kwa kidole. Wesley akasema huo mstari umempa mwenzake chai yote na yeye amebaki na nyasi na chemchemi. Kipkirui akasema kitinda mimba anapata boma la mama, chai anaitakia nini tena? Sauti zikapanda. Mzee alikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa, na alikuwa amesimama hapo tangu mstari ulipochorwa.

Aliuliza tu nani amewapa ruhusa. Alikunywa chai yake, akaenda kulala.

Kesho yake alikuja shuleni na koti lake na fimbo, akapita ofisi ya mwalimu mkuu bila kusimama, akafika mlango wa Gredi ya Saba. "Chamgei," akawasalimu watoto. "Chamgei mising, kugo," wakamwitikia babu wote wakiwa wamesimama. Chepngeno alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mwalimu," Mzee akasema, "nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Mimi nilikufa lini?"

Quinter akacheka. Alidhani ni mzaha wa wazee. Akacheka peke yake, na kicheko kikamfia mdomoni alipoona hakuna mtoto hata mmoja aliyemsaidia.

"Jana nimekuta vijana yangu wananigawanya kwa jikoni," Mzee akaendelea bila kupandisha sauti. "Huyu juu, huyu chini. Nikauliza, nani amewapa ruhusa? Wakaniambia ni homework."

"Mzee, haikuwa hivyo. Ilikuwa ni kupima tu..."

"Kupima tu," Mzee akarudia. Akawatazama watoto, akamtazama mwalimu. "Sawa. Tutaonana kwa bodi."

Mwalimu mkuu, Madam Chepngetich, alimwita ofisini, akafunga mlango, akavua miwani. Walikuwa marafiki, na kwa hiyo hakumzungusha.

"Quinter, umefanya nini wewe? Hapa shamba inapimwa mara mbili. Wakati unauza, ama wakati mwenyewe ameenda. Hakuna ya tatu. Sasa wewe umepima ya kila mtu, darasa mzima, na wenyewe bado wanakunywa chai!"

"Lakini Madam, mimi nimezaliwa hapa. Nimeongea lugha yenu tangu nikiwa mtoto. Mbona sijawahi kusikia hiyo kitu?"

"Ungesikia wapi? Kambini?"

Chepngetich hakusema kwa ubaya, na kwa kweli hakukuwa na mahali pengine pa kulisikia. Baba yake Quinter, Phelix Ooko, alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akapata kazi ya kuchochea moto kwenye kiwanda cha chai, na watoto wake wote walizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, zile safu za vyumba ambazo wenyeji huziita kambi. Huko ardhi yote ilikuwa ya kampuni, na ilipimwa kila siku ya Mungu. Asubuhi msimamizi alikata shamba vipande, huyu achume hapa, yule pale, jioni vinafutwa, kesho vinapimwa upya. Kupima shamba hakukumaanisha kifo cha mtu yeyote. Kulimaanisha ni saa moja asubuhi. Quinter alijifunza Kikipsigis kwa kucheza na watoto wa wenyeji barabarani, nyimbo zao alizijua, mursik, maziwa yao ya kibuyu, alikunywa, lakini hakuwahi kukaa jikoni mwa watu wenye shamba siku baba wa nyumba anapozeeka. Hilo hakuna wa kulifundisha mtu ambaye kwao hakuna cha kugawa.

Aliona aibu, kisha akaona hasira, kisha hofu ikaja, na hofu ndiyo iliyokaa. Sokoni maneno yalikuwa yamemtangulia. Muuza nyanya alimpa chenji bila kumtazama. Nelvine, alipomwona akifika kituoni na mkoba wake, alimvuta kando ya mizani.

"Madam, watu wanasema mtu wa kambi anapima mashamba ya watu ya nini. Mimi nimewaambia ni masomo. Lakini wewe usikae kwa benchi leo."

Maneno hayo Quinter alikuwa ameyasikia kwa sauti nyingine zamani, miaka ile ya uchaguzi mbaya, baba yake alipowaweka watoto chini ya kitanda wakasikiliza miguu ya watu ikipita nje. Haikufika huko safari hii, wala hakuna aliyekuwa na nia hiyo. Hata hivyo, mwili una kumbukumbu zake.

Madam Chepngetich alimpa ushauri. Nenda kwa Mzee Jumamosi, kabla ya bodi kukaa. Beba sukari. Omba msamaha, usijitetee, na hicho kitu chako kiache nyumbani. Quinter akatii, isipokuwa hilo la mwisho. Hakuwa mkaidi, mkoba ulikuwa uleule wa kila siku, na laptopu haikuwahi kutoka humo. Alikumbuka akiwa tayari ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba ya Mzee, sukari imepokewa, chai ya maziwa imewekwa, mke wa mwanawe Kipkirui amemsalimu kwa kumgusa mkono tu.

Aliomba msamaha kwa Kikipsigis. Alisema hakujua, na kwamba kutojua kwake hakumfutii maumivu yule aliyeumia. Alisema hilo neno la kupima angelirudisha mdomoni kama lingerudi. Mzee alimsikiliza akiwa ametazama barabara.

"Nimekubali," akasema. "Umekuja mwenyewe, hujatumana. Lakini bodi ni bodi. Hapo siongei peke yangu, na kuna wazazi wamekasirika kuliko mimi."

"Naelewa, Mzee."

"Na hiyo ni nini kwa mfuko?"

Quinter akausukuma mkoba chini ya kiti. "Ni... ni hiyo kompyuta."

"Toa. Vijana wamenigawanya na kitu hata sijaona."

Huko ukingoni mtandao ni mzuri. Aliunganisha laptopu na simu yake, akaiweka juu ya stuli, na shamba la Mzee likajichora kidogokidogo mbele ya mwenyewe. Mzee aliinama hadi pua ikakaribia kioo. Hakushangaa kama Quinter alivyotarajia. Alikagua kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Hili ni zizi. Hii ni njia ya kwa jirani Nyamwange. Hapa ndipo maji yanapotoka. Kisha akakunja uso.

"Choo iko wapi? Tumejenga choo mpya, bati nyeupe. Sioni."

"Hii picha ni ya kitambo kidogo, Mzee. Inapigwa kutoka juu, halafu inakaa. Haiko kama leo."

"Ya kitambo ya lini?"

"Kuna za mwaka huu na mwaka mwingine. Mtu anaweza kurudi nyuma." Alimwonyesha alama ya saa juu ya picha. "Ukigusa hapa, inakuletea zile za zamani."

Mzee alikaa wima. "Rudi."

Quinter akarudi. Chai ikabadilika rangi, njia ikahama kidogo, zizi likapoteza paa lake jekundu. Rudi tena, Mzee akasema. Nyumba ya Wesley ikatoweka, pakawa na mahindi. Rudi. Picha zilizidi kuwa na ukungu kadiri walivyozidi kwenda, na Quinter alikuwa karibu kusema kwamba mbele ya hapo hakuna kitu, Mzee alipomshika mkono.

"Simama hapo."

Katikati ya pale ambapo siku hizi ni chai tupu, palikuwa na duara dogo la rangi ya majivu, na njia nyembamba ikitoka kwake kuelekea mtoni.

"Hiyo ni nyumba ya mama yangu," Mzee akasema.

Kisha akamweleza mgeni wake jambo ambalo, kwa alivyosikika, hakuwa amemweleza mtu mwingine. Mama yake aliaga akazikwa nje ya mlango wa nyumba yake, upande wa kushoto, bila msalaba wala simiti, kama walivyozikwa wazee wa siku zile. Nyumba ya nyasi ikabaki ikioza taratibu, na Mzee akaiacha. Baadaye aliugua, akalazwa hospitalini mjini kwa miezi. Vijana wake, wakitaka kumfurahisha atakaporudi, walisafisha sehemu yote hiyo wakapanda chai, mistari iliyonyooka hata mtu wa kiwanda angesifu. Mzee alirudi akaonyeshwa. Alisema asante.

"Ningesema nini? Walifanya kwa roho nzuri. Lakini tangu hiyo siku mimi natembea kwa hiyo chai, nasema ni hapa, nasema hapana ni pale. Michai yote inafanana. Nimemkanyaga mama mara ngapi, sijui."

Mzee alinyoosha kidole kwenye kioo, picha ikasogea, akakivuta haraka kama aliyeungua, na Quinter akairudisha pale ilipokuwa.

"Zizi iko mahali ilikuwa?"

"Iko palepale. Paa tu ndiyo imebadilika."

"Basi kutoka kwa pembe ya zizi mpaka hapo kwa mlango, ni umbali gani?"

Quinter alimtazama. "Mzee, nipime?"

Mzee Kipkosgei alijua vizuri alichokuwa akiulizwa. Aliivuta fimbo yake karibu na goti, akaitazama, akaitazama chai.

"Pima."

Alipima. Alitaja umbali, Mzee akaugeuza kuwa hatua, wakashuka wote wawili hadi pembe ya zizi, Quinter akiwa amebeba laptopu iliyofunguliwa mikononi kama sinia. Mzee alitembea akihesabu kwa Kikipsigis, akapenya kati ya mistari ya chai, michai ikimfika kiunoni, akasimama. Quinter akamwambia kushoto kidogo. Akasogea kushoto. Akaikita fimbo yake ardhini kati ya michai miwili, akavua kofia, na Quinter akageuka akatazama barabara, maana hayo hayakuwa yake kuyatazama.

Waliporudi kwenye viti chai ilikuwa imepoa na mke wa Kipkirui akaleta nyingine. Mzee alikunywa, akapangusa mdomo.

"Sasa yangu umeona mpaka ndani. Na kwenu? Nionyeshe."

Kwetu ni mbali, Quinter alikuwa karibu kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini kumjibu Mzee hivyo, baada ya ile fimbo, kungekuwa kumdhulumu. Aliisogeza ramani upande wa Kericho, juu ya mashamba makubwa, akasimama mahali ambapo palikuwa kijani kitupu, hata mti hapana.

"Hapa."

"Hapa ni chai."

"Siku hizi." Akagusa ile alama ya saa. Kijani kikarudi nyuma, kikarudi tena, na ghafla safu za mabati zikatokea, ndefu, zimepangwa zikitazamana, na uwanja mwekundu katikati ambapo watoto walicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Quinter alikuwa na ile ramani miaka yote hiyo, na hakuwahi hata siku moja kurudisha picha hizo akiwa peke yake. Aliogopa. Sasa alionyesha kwa kucha. "Bomba la maji lilikuwa hapa. Sisi tulikaa safu hii, karibu na mwisho. Mashine za kuchuma zilipokuja, watu wakapunguzwa, kambi ikabomolewa. Wakapanda chai."

"Na wazazi?"

"Wamezikwa upande wa ziwa, kwa watu wa baba. Mimi huko naenda matanga tu."

Mzee alitazama zile safu kwa muda mrefu kuliko alivyotazama shamba lake mwenyewe. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili, kama mtu anayetaka neno lake lisipotee njiani, "Kumbe hata wewe wamekupandia chai kwa mlango."

Quinter akalia. Hakujificha wala kusingizia moshi wa jikoni. Alilia akamaliza, akajipangusa kwa ile leso ya kufungia projekta, na Mzee akamwongezea sukari kwenye kikombe bila kumuuliza.

Bodi ilikaa wiki iliyofuata. Quinter hakuingia, alisubiri nje, akijifanya anasahihisha. Yaliyosemwa ndani alisimuliwa na Madam Chepngetich, ambaye ni mwandishi wa bodi na hawezi kunyamaza. Mzazi mmoja aliuliza kwa nini wasitafute mwalimu mwingine, kijana, ambaye atafundisha kwa kitabu. Mwingine akasema kwake nyumbani sasa vijana wanamhesabia umri. Mzee Kipkosgei aliwaacha wote wakamaliza. Halafu akasema mwalimu alikosea, akaenda mwenyewe akaomba msamaha, na kwake yeye aliyekosewa jambo limeisha. Apime uwanja wa shule, apime barabara, apime hata kutoka hapa mpaka Silibwet akitaka. Shamba la mtu aliye hai asiguse mpaka mwenyewe amwambie. Hiyo nyingine afundishe. Akamgeukia mwandishi.

"Andika anaendelea."

Ikaandikwa. Yule mzazi wa vijana wanaomhesabia umri hakuridhika, na hadi leo akikutana na Quinter sokoni anavuka barabara. Mtu hawezi kupatana na kila mtu. Kuhusu ugawaji wa chai na chemchemi, Kipkirui na Wesley wanasubiri kama walivyokuwa wakisubiri, na baba yao bado anakamua ng'ombe mwenyewe. Lakini walitumwa kung'oa michai kadhaa kando ya ile fimbo, wakaweka mawe kuzunguka.

Projekta ilipopatikana tena, baada ya pasta kuhakikishiwa kwamba mambo ya dunia yamepunguzwa, Quinter alitundika shuka yake na kuwapa Gredi ya Saba kazi ya kupima uwanja wa mpira. Ramani iliposhuka juu ya ukingo, Chepngeno aliinua mkono. Hakuwa mtu wa kuinua mkono.

"Madam, hiyo picha imechelewa. Hapo kwetu si chai tena. Hapo ni kwa kogo, mama yake kugo."

"Kweli," Quinter akasema. "Picha itakuja kutufikia baadaye. Sisi tumeitangulia." Akawaeleza darasa jinsi ya kuiuliza ramani ni ya mwaka gani kabla ya kuiamini, kwa sababu hilo nalo lilikuwa kwenye somo.

Kipkurui, ambaye swali likimkaa kichwani halitoki, alisimama nyuma.

"Na kwenu, Madam? Ile siku ulituzungusha ukatupeleka Naili."

Darasa likacheka. Quinter naye akacheka, akashika kipanya, akaisogeza dunia kidogo tu, haikuwa mbali hata, akafika kwenye kile kijani kitupu. Akaanza kurudisha miaka, mmoja baada ya mwingine, watoto wakisoma kwa sauti namba zilizokuwa zikipita, hadi safu za mabati zilipotokea kwenye shuka yake nyeupe.

"Kwetu ni hapa," akasema.

Kisha Chepngeno, kutoka kiti cha mbele, akasema kwa upole, "Madam, zoom kidogo. Hatujaona mlango."

Quinter akavuta hadi paa likavunjikavunjika kuwa vimiraba vya kijivu na picha ikakataa kuendelea. Mlango haukuonekana. Basi akachukua rula ndefu ya ubaoni, akaenda ukutani, akawaonyesha ulipokuwa.